Karoti za Udongo Mweusi

Karoti za sokoni huja zimeoshwa, na hilo ndilo lililomtia Mama Vikapu mashakani. Alikuwa amezimwaga juu ya gunia pale uani, zinang'aa kama zimepakwa mafuta, zote zimenyooka, zote za kimo kimoja. Mtu yeyote aliyewahi kula karoti za shambani kwa wifi wa Mama Vikapu angejua mara moja kwamba hizi si zile. Za wifi yake huja na udongo mashavuni na ndevu za mizizi, nyingine zina miguu miwili kama mtu aliyevaa suruali. Wateja wamezizoea hivyo hivyo. Ndiyo maana wanazitaka.

Akatazama huku, akatazama kule. Wapangaji wenzake walikuwa wameshatoka kwenda kwenye shughuli zao. Akachukua sahani ya bati, akazunguka nyuma ya nyumba, akachota udongo, akautia maji kidogo, akakaa kwenye kigoda na kuanza kuzipaka karoti moja moja.

Mumewe alikuwa barazani na kiatu cha mtu mapajani. Ni fundi viatu, na akiwa kazini huwa na misumari midogo mdomoni, kwa hiyo maneno yake hutokea pembeni mwa midomo.

"Mke wangu, hizo karoti zinaolewa leo?"

"Niache."

"Nauliza tu. Bibi harusi nimeona akipakwa vingi, lakini tope bado."

"Wewe shona viatu vyako."

Akatema misumari kiganjani ili aseme vizuri. "Dada alisema uwaambie watu kwamba wiki hii hana karoti."

"Najua alichosema. Simu ilikuwa sikioni kwangu, haikuwa kwako."

Ni kweli wifi yake alisema. Alisema kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka: mvua imekata, kijito kimebaki uzi, mgongo umemkaza na hawezi kubeba ndoo zaidi ya ishirini kwa siku. Ndoo hizo amezitoa kwa mchicha na vitunguu. Karoti, hoho na nyanya ameziacha zife. "Waambie watu wako, wifi. Nina mchicha na vitunguu. Hiyo ndiyo wiki hii."

Lakini wifi yake haishi na watu wa mjini, hawajui. Mwezi uliopita kikapu kilikuwa chepesi mara moja tu, na nyumba mbili kati ya zile zinazolipia kikapu cha kila wiki zikajitoa bila hata kwaheri. Zilikuwa nyumba kumi na nne, zikabaki kumi na mbili. Na kule shambani yupo Bwana Matofali, aliyekwisha kuchimba mashamba matatu ya majirani apate udongo wa matofali ya kuchoma. Kila mwisho wa mwezi hupita kusalimia, akiuliza afya ya mgongo kwa upole mwingi. Wifi ametamka kwa kinywa chake kwamba nyumba zikishuka chini ya kumi, atamwachia shamba. Hawezi kuendelea kulima vya kuoza. Na udongo ukishachimbwa haurudi. Panabaki shimo, mvua zikija linakuwa bwawa la vyura.

Kwa hiyo Mama Vikapu alikwenda sokoni alfajiri, akanunua karoti, hoho na nyanya kwa pesa aliyokuwa ameitenga kwa ajili ya miwani. Alitaka kuliokoa shamba, basi. Kila alipojiambia hivyo, mkono wake ulipaka haraka zaidi.

"Ile pale," mumewe akamwonyesha kwa nyundo, "umesahau nyuma ya masikio."

Hakucheka. Aliichukua ile karoti akaipaka na nyuma ya masikio.

* * *

Majengo yale yana ghorofa nne na ngazi nyembamba zenye harufu ya sabuni ya kufulia. Kila Jumatano Mama Vikapu hupanda na kushuka, vikapu viwili kila safari, kimoja kila mkono ili mwili usiegemee upande. Magoti yake yanazijua ngazi zile kuliko yanavyomjua yeye.

Ghorofa ya kwanza anakaa karani wa benki na mkewe na watoto wao. Karani ni mtu wa sauti, akisema mlangoni kwake wanasikia mpaka juu. Alichomoa karoti moja kikapuni, akaipuliza, akainyanyua kama mtu anayeonyesha samaki.

"Hizi ndizo karoti sasa! Zile za mwezi jana zilikuwa vidole vya mtoto mchanga. Mwambie wifi yako amejitahidi, asirudi tena kule."

"Nitamwambia, baba."

"Na udongo wake uleule! Mimi watoto wangu nawaonyesha, nawaambia tazameni, chakula hutoka ardhini, hakitoki kwenye mfuko wa plastiki."

"Ndiyo, baba," akajibu Mama Vikapu, akajifanya kuhesabu vikapu.

Ghorofa ya tatu yupo mama mmoja ambaye wao nyumbani humwita Mama Vigae, kwa sababu ya vigae vyake vyeupe. Huyu hufungua mlango nusu, hutandika gazeti kizingitini, na kikapu lazima kiwekwe katikati ya gazeti, kisiguse nje.

"Taratibu. Taratibu. Hapo. Juzi uliniachia vumbi."

"Samahani, mama."

"Si lazima vije na udongo wote huo. Lakini basi, tunavumilia, kwa ajili ya afya."

Mpaka anafika ghorofa ya nne, pumzi ilikuwa imekwisha. Huko juu kabisa anakaa nesi mstaafu, peke yake, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa iliyozalisha watoto wa nusu ya mtaa. Yeye peke yake ndiye humwambia Mama Vikapu aingie akae. Siku hiyo alimpa maji ya kunywa, akachukua karoti zake akaenda nazo jikoni, na jikoni kwake na kiti cha mgeni hapana umbali. Akazitia ndani ya beseni, akafungulia bomba.

Alizisugua kwa muda mrefu. Kisha akatazama ndani ya beseni.

"Mwanangu, hebu njoo."

Mama Vikapu akaenda na bilauri mkononi.

"Beseni hili nilinunua jeupe," nesi akasema. "Miezi saba naoshea karoti zako, limekuwa jekundu, nimesugua kwa mchanga, nimesugua kwa jivu, halitakati. Nikasema sawa, udongo mzuri huo, mimi pia nimezaliwa kwenye udongo. Leo tazama maji."

Maji yalikuwa meusi kama ya kufulia soksi.

Mama Vikapu akaiweka bilauri chini. "Labda... ni kitalu kingine, mama. Kile cha bondeni."

"Labda."

"Bondeni udongo ni mweusi."

"Yawezekana." Nesi akafunga bomba, akajifuta mikono, polepole, kidole kimoja kimoja. "Jumamosi tunakuja huko. Tulikuwa tukisema tu siku zote, tutakwenda, tutakwenda. Nimeshazungumza na wenzangu, na karani amepata basi la shule la kukodi. Tukaone vitalu, na hicho cha bondeni pia."

"Jumamosi hii?"

"Hii. Na leo ni Jumatano. Ukiwa na neno la kuniambia kabla ya hapo, mlango wangu unaujua."

Mama Vikapu akaaga. Alipofika ngazi za ghorofa ya pili alisimama, akashika ukuta. Neno lilikuwepo, lilikuwa limefika mpaka kooni. Akafikiria kupanda tena zile ngazi zote. Akasema moyoni, kesho. Magoti yakakubaliana naye upesi, yakamteremsha.

* * *

"Mpigie dada," mumewe akasema siku ya pili yake. "Mwambie yote. Mimi dada yangu namjua. Atakukaripia mpaka simu ishike moto, halafu mtatafuta njia."

"Nitampigia."

"Sasa hivi."

"Si nimesema nitampigia?"

Akapiga. Wifi yake alipokea akihema, ndoo ilisikika ikitua chini.

"Wifi, hujambo? Salama huko?"

"Salama," Mama Vikapu akajibu. "Watu wanataka kuja Jumamosi. Wote, kwa basi."

Ile sauti isiyopanda wala kushuka ikapanda. "Kuja? Kwangu? Waje, wifi, waje! Si tulisema tangu mwanzo? Nitafyeka njia. Lakini watakuta matuta yamekauka... uliwaambia kuhusu karoti?"

Fundi viatu alikuwa amekaa mbele ya mkewe, nyundo imesimama hewani, macho yamemtoka.

Mama Vikapu alifunga macho. "Niliwaambia," akasema.

"Walisemaje?"

Alikwisha kuuingia uongo, hakujua tena atokee wapi. "Wanakupa pole."

"Kweli?"

"Ndiyo. Wanasema... wanasema wataridhika na kilichopo."

Wifi yake alipojibu sauti ilikuwa imelowa. "Mimi nilidhani watu wa mjini hawana muda wa mtu. Basi nitawashukuru mwenyewe, kwa kinywa changu."

Simu ikakatika. Fundi viatu akaishusha nyundo chini bila kugonga kitu.

"Sikuweza," mkewe akasema. "Umesikia alivyofurahi?"

"Nimesikia."

"Ungekuwa wewe ungesema?"

Akafikiri. Ni mtu mkweli, hata kwenye mambo yasiyompa sifa. "Ningesema kiatu cha mteja kinaniita," akajibu, akarudisha misumari mdomoni.

* * *

Basi liliwafikisha saa nne asubuhi. Hawakuja wote, lakini nyumba tisa zilitoa watu, na watoto walikuwa wengi kuliko watu wazima. Walishuka wakijinyoosha. Karani alivuta hewa kwa kishindo na kuwaamuru watoto wake nao wavute. Mama Vigae alikuwa amevaa viatu vyeupe. Akatazama njia, akatazama viatu, akabaki juu ya ngazi ya basi akifikiri.

Njia ilikuwa nyekundu. Kuta za nyumba ya wifi zilikuwa nyekundu mpaka madirishani, mbwa aliyelala mlangoni alikuwa na tumbo jekundu. Nesi aliinama, akachukua udongo kidogo akausaga kati ya vidole. Hakumtazama Mama Vikapu. Hilo lilimuuma Mama Vikapu kuliko kama angemtazama.

Wifi alitoka kuwalaki akiwa ameegemea jembe kama fimbo, kiuno kimefungwa kitambaa mara tatu. Alikuwa amevaa gauni lake zuri. Alimpa kila mtu mkono, mpaka watoto, na mkono wake ulikuwa mgumu hata mtoto mmoja akaugeuza autazame vizuri.

"Karibuni. Karibuni sana. Pitieni huku, msiumie, kuna kisiki."

Aliwazungusha. Matuta ya mchicha yalikuwa ya kijani na yamelowa, kwa sababu alikuwa ameyamwagia tangu alfajiri kwa ajili yao. Ya vitunguu yalikuwa nusu mabichi, nusu makavu. Kisha wakafika kwenye matuta makubwa ya katikati, na hapo hapakuwa na kitu. Ardhi ilikuwa imepasuka vipande vipande kama kisigino, na majani makavu ya karoti yamelala ubavu. Ng'ambo ya ua wa miti kulikuwa na shimo, kubwa, wima, na chini yake watu wawili wanakanyaga tope. Tanuri la matofali lilikuwa likitoa moshi.

"Yule ni jirani yangu sasa," wifi akasema. "Alikuwa mzee mmoja hapo, alilima kabichi kubwa kama kichwa cha ndama. Sasa ni shimo." Akageuka, akasimama vizuri, akaweka mikono yote miwili juu ya mpini wa jembe. Mama Vikapu alijua kinachokuja. Alitaka kukohoa, kuanguka, kufanya lolote. Mwili haukumsaidia.

"Mimi si mtu wa maneno," wifi akaanza. "Shule niliishia darasa la nne. Lakini nataka kuwashukuru. Mtu mwingine angeambiwa huyu mwanamke wiki hii hana karoti, hana hoho, hana nyanya, angesema anipishe, sokoni vipo. Ninyi mmenitumia pole. Nimezipata pole zenu. Usiku ule nililala."

Mtoto wa karani ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya baba yake: "Baba, si tulikula karoti?"

"Tulikula," karani akasema. "Kubwa kabisa. Mama, wiki hii hii umetuletea karoti."

Wifi akatabasamu kama anayengoja mzaha uishe. "Karoti hapa zimekufa siku nyingi, baba. Zile pale."

"Sasa tulizokula zilitoka wapi?"

Macho yote yakageuka. Mama Vikapu alikuwa amesimama nyuma kabisa, kwenye ukingo wa tuta, mikono ameifunga mbele kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Sokoni," akasema.

"Sema kwa sauti," Mama Vigae akaamuru, kwa kuwa mwishowe alikuwa ameshuka basini akawafuata.

"Nilinunua sokoni. Karoti na hoho na nyanya. Yeye hajui. Aliniambia niwaambie kwamba hana, mimi sikuwaambia. Na zile pole..." Hapo sauti ikamwisha, akaitafuta akaipata. "Zile pole pia ni zangu. Hakuna mtu aliyesema pole."

"Lakini zilikuwa na udongo!" karani akasema, na kwa kweli alionekana kama aliyeibiwa. "Mimi niliwaonyesha watoto udongo!"

"Nilizipaka."

"Ulizipaka?"

"Kwa mkono."

Wifi yake alikuwa hajasogea. Lilikuwa neno lake la kwanza, na alilisema polepole: "Udongo uliutoa wapi?"

"Nyuma ya nyumba."

"Nyuma ya nyumba yenu pale? Karibu na mfereji wa maji ya kuogea?"

Mama Vikapu akainamisha kichwa. Mama Vigae akashika mdomo, akatembea na viatu vyake vyeupe moja kwa moja mpaka kwenye basi, hakuchagua tena pa kukanyaga. Karani alicheka mara moja, cheko la mtu asiyejua afanye nini, kisha akakasirika kwa sababu alicheka. Alisema mambo mengi. Alisema kuaminiana. Alisema watoto wangeugua. Alisema sokoni angalau mtu anajua anadanganywa. Na lililokuwa baya ni kwamba yote aliyoyasema yalikuwa kweli, na aliyasema mbele ya watoto.

Wifi alimwacha amalize. Kisha akaenda kwenye mchicha, akainama kwa shida, mkono mmoja kiunoni, akaanza kukata. Alifunga mafungu tisa, kila fungu na vitunguu vinne, akayapanga juu ya ukuta mfupi.

"Hiki ndicho nilicho nacho," akasema. "Hiki ni changu."

Wengine walichukua wakasema asante bila kuinua macho. Mafungu manne yalibaki ukutani. Nesi alikuwa wa mwisho kupanda basi. Alisimama mbele ya Mama Vikapu.

"Nilikungoja Alhamisi," akasema. "Ijumaa nikapika chai ya watu wawili."

Mama Vikapu hakupanda basi. Hakuna aliyemkataza, lakini hakuna aliyesogea ampishe. Alibaki, akachukua ndoo, akateremka kijitoni. Aliteka maji ndoo kumi na moja mpaka jua likazama, na wifi yake hakumwambia asante wala acha.

Walipomaliza ndipo wifi aliposema, akiwa amekaa kizingitini. "Kununua sikukulaumu sana. Ulikuwa na hofu. Lakini ulinitungia watu. Nililala usiku ule nikisema kuna watu kumi na wawili mjini wananihurumia."

"Nisamehe, wifi."

"Nimechoka. Kesho kuna gari la maziwa, litakupeleka."

* * *

Wiki iliyofuata Mama Vikapu alizipanda tena zile ngazi, mikono mitupu, mlango kwa mlango, kuuliza nani bado anataka kikapu. Mumewe alimshauri atume ujumbe wa simu amalize. Akakataa. Alisema alidanganya kwa miguu, atakwenda kuuliza kwa miguu.

Karani alitoka nusu, kitambaa cha kulia kikiwa begani. "Mke wangu ndiye anayeamua mambo ya jikoni," akasema kwa sauti ndogo ambayo Mama Vikapu hakujua kama anayo. Ndani mke akajibu: "Mwambie hapana." Mama Vigae aliongea kutoka ndani bila kufungua. Nyumba nyingine alikuta wamekwishapata mtu mwingine wa kuwaletea, anayeleta kila kitu, mwaka mzima, kimeoshwa, kimefungwa kwenye plastiki, na hawaulizi kinatoka wapi. Mwenye nyumba hiyo alimweleza kwa upole kabisa, kama anayempa habari ya msiba.

Zilizoitikia ndiyo zilikuwa nyumba tano. Kijana mmoja mshona nguo alikubali kwa sababu alipenda vitunguu. Mama mmoja mwenye mapacha alikubali kabla Mama Vikapu hajamaliza kuuliza, akafunga mlango kwa sababu mmoja alikuwa analia. Wazee wawili wa ghorofa ya pili walisema hawakuelewa ugomvi wenyewe ulikuwa wa nini. Na mwalimu mmoja akasema atajaribu mwezi.

Ya tano ilikuwa ya nesi. Hakumwambia aingie.

"Nabaki," akasema. "Usijidanganye, sibaki kwa ajili yako. Nabaki kwa ajili ya yule mwenye jembe."

"Ndiyo, mama."

"Na kuanzia sasa, kama hakuna, uje uniambie hakuna. Upande mpaka huku juu na mikono mitupu kama leo."

"Nitapanda."

"Haya. Shuka taratibu, ngazi ya tatu imelegea."

* * *

Nyumba tano si kumi. Wifi hakulia, hakugomba. Alimwita Bwana Matofali, na akamwita Mama Vikapu pia, aje siku ya kupima.

Bwana Matofali alikuja na vigingi na kamba ndefu ya katani, na kalamu sikioni. Alikuwa mtu mnene mwenye adabu, akawapa pole ya mgongo, pole ya ukame, pole ya kila kitu. Alipotaka kumpa kijana wake kamba, wifi akamzuia.

"Huyu atashika," akasema. "Mpe wifi yangu."

Kwa hiyo Mama Vikapu akashika kichwa kimoja cha kamba, na wifi yake akashika cha pili, ng'ambo ya matuta, wakaanzia juu karibu na nyumba. Bwana Matofali akasimama katikati akiwatazama.

"Nyumba moja inakula matuta manne kwa msimu," wifi akasema. "Hiyo nimeihesabu miaka yote. Nyumba tano, matuta ishirini. Hayo nayaweza, hata kwa mgongo huu. Yaliyobaki, chimba."

Wakaanza kuhesabu, wakishuka, kila mmoja upande wake. Moja. Mbili. Wifi akitaja, Mama Vikapu akiruka tuta na kamba mkononi. Walipita mchicha, wakapita vitunguu, wakaingia kwenye ardhi iliyopasuka. Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini.

"Hapo," wifi akasema. "Vuta ikaze."

Mama Vikapu akavuta. Kamba ikanyanyuka, ikatetemeka, ikanyooka. Chini yake, kuelekea kijitoni, lilibaki shamba kubwa kuliko lililokatwa juu. Matuta ishirini na manane. Aliyajua yote. Alipoolewa na kuletwa kama bibi harusi, hayo ndiyo mambo ya kwanza baba mkwe aliyomwonyesha: hapa hukaa kabichi, hapa hoho, hapa usilime mvua ikiwa kubwa.

"Kigingi," Bwana Matofali akasema, akampa na jiwe la kugongea.

Akapiga magoti. Akakiweka kigingi. Hakugonga.

"Gonga, mama, jua linapanda."

"Wifi," Mama Vikapu akaita, bila kuinuka. "Nyumbani kwetu tuko wanne."

Wifi yake alikuwa mbali, akaweka mkono sikioni. "Nini?"

"Nasema sisi tuko wanne, na watoto! Miaka yote nabeba vikapu vya watu, nikifika nyumbani napika ya sokoni, yale ya jioni yaliyosinyaa. Hatujawahi kuwa kwenye hesabu. Tuhesabu na sisi. Tuwe nyumba ya sita."

Wifi alisimama na kamba yake. "Mtalipa?"

"Tutalipa. Kama wengine."

"Ndugu yangu anajua?"

"Atajua leo."

"Na wiki ambayo sina kitu?"

Mama Vikapu alifikiri kwanza, maana safari hii hakutaka jibu la haraka. "Utaniambia huna," akasema, "na mimi nitakwenda kuwaambia watoto wangu huna. Wataninunia. Basi."

Bwana Matofali akachomoa kalamu sikioni, akairudisha. "Jamani, tulishakubaliana matuta ishirini. Mimi nimeshalipia watu wa kuchimba."

Wifi alikuwa ametazama chini, midomo inacheza kidogo, anahesabu kitu ambacho si matuta. Labda ndoo. Kisha akaukamata mgongo kwa mkono mmoja, akaanza kuteremka, hatua kwa hatua, akiburuta kamba kwenye udongo mwekundu.

"Ishirini na moja," akataja. "Wifi, chukua kigingi uje. Ishirini na mbili."